Damu Iliyogoma Kuganda

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko ulikojificha, na mkono wako umeshaunga. Sisi tunapumua. Afya ya Mama ni njema, ila yuko mahabusu.

Kaa kwanza. Mumeo alikuja nyumbani kuulizia ulipo. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu, akamjibu kwamba hata angejua asingemwambia. Mumeo akamkaba, akambamiza ukutani mpaka rafu ya sufuria ikaanguka. Mama yetu, ambaye hata kuku humwita jirani amchinjie, alimchoma kisu cha kifuani. Polisi walisema mumeo akipona, kesi ya Mama ni ya kujeruhi. Akifa, ni ya mauaji.

Akaletwa hospitalini kwetu, moyo umetobolewa. Mwenzangu yuko likizo, kwa hiyo ile mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji niliiendesha mimi. Sikumwambia daktari huyu ni nani.

Damu ikigusa mipira ya mashine huanza kuganda, ndiyo maana kwanza tunaitia dawa ya kuizuia. Moyo ukishashonwa, tunatia nyingine ya kuizima ile ya kwanza. Tulitia, damu ikagoma kuganda. Mashine ilikuwa imezichakaza chembe zinazoziba majeraha, na maji tuliyoijazia yameizimua damu kama chai ya wageni wengi. Ilibubujika kutoka kila tundu la uzi, ikajaza kifua, ikashuka hadi viatuni mwetu. Daktari alirusha koleo ukutani, akatutukana wote, akadai damu mbichi, isiyolala kwenye friji. Haikuwapo.

Dada, nikuambie ukweli, nilifurahi. Nilikumbuka meno yako kwenye sinki, nikasema moyoni, mwagika. Kisha nikamkumbuka Mama kwenye ile sakafu ya saruji ya mahabusu.

Mwendesha mashine haachi kiti chake mpaka kifua kifungwe. Mimi niliacha, nikanyoosha mkono, nikasema kundi langu la damu na lake ni moja. Wakanipima, wakanitoa damu. Damu yangu ikaingia kwake ingali ya moto, na baada ya muda kifua kikaanza kukauka.

Amezinduka. Muuguzi alimweleza, sasa ananiita ndugu yake. Nilimwinamia, nikamwambia kwa upole kwamba akikugusa tena nitakuja kuichukua damu yetu, na safari hiyo hakuna atakayeizuia.

Wakili anasema Mama atapata dhamana. Anakusalimu sana, na anauliza kama polisi watamrudishia kisu chake, maana ndicho pekee kilichokuwa kikali.

Wako akupendaye,
Kitindamimba