Trei ya Kiyoyozi cha Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mumeo, na huyo wa tatu ambaye bado hajajua kuitikia salamu. Natumaini kichefuchefu kimekuonea huruma na sasa unakula kama watu. Sisi huku ni wazima, hatuna la kulalamikia ila joto, na joto hilo hilo ndilo lililozaa barua hii. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado anafundisha watu udereva, na bado akikaa kwenye kiti chochote mguu wake wa kulia unatafuta breki. Mimi na cherehani yangu tupo pale pale sebuleni, inanguruma kutwa, na nyumba nzima tumezoea kuongea kwa kupayuka.

Dada, najua uliniomba nisikutajie Mama. Tangu siku ile ulipompigia simu kumwambia kwamba baada ya kungoja miaka yote ile hatimaye una mimba, naye akakujibu maneno uliyoniandikia kwenye ujumbe, "Utoe mapema, mwanangu, usije ukakuletea shida," simu zetu hupokei. Ulidhani anakuonea aibu kwa umri wako. Uliniapisha nisimuulize hata neno, nami nikanyamaza, ingawa kuna siku nilimwona anakula kwa utulivu wake ule nikatamani kumpokonya sahani. Leo nitamtaja. Usiichane barua kabla hujafika chini. Lakini sharti nianze na kiyoyozi, maana bila kiyoyozi nisingekuwa na la kukuandikia.

Unakumbuka tulimwekea Mama kiyoyozi chumbani kwake, juu ya kitanda, daktari alipotuambia joto linampandisha presha. Basi asubuhi moja naingia kumtandikia, nakuta upande mzima wa godoro umelowa chapachapa. Mama kajikunja upande mkavu, amelala fofofo. Nilipomwamsha alitazama maji, akatazama dari, akasema kwa heshima zake zote kwamba yeye hakuhusika. Nikamwambia hakuna anayemshuku. Akasema haya, ila niandike popote nitakapo kwamba hakuhusika. Ndiyo hivyo nimeandika.

Shemeji yako alitangaza kwamba kiyoyozi na gari ni ndugu, kwa hiyo hahitaji fundi. Alipanda kwenye stuli, akafungua mfuniko, akachungulia na tochi mdomoni. Ndani yake, Dada, chini ya yale mabomba yanayogeuka baridi, kuna kitu kama sinia refu jembamba la plastiki. Wenyewe wanakiita trei. Hewa ikipoa hutoa matone, matone yanadondokea kwenye trei, na trei inayapeleka kwenye mpira unaotokea nje ukutani. Shemeji yako aliliona tatizo kwa haki kabisa: trei ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Kosa lake lilikuwa kuivuta ili aione vizuri. Maji yote, na utelezi wa kijani uliokuwa umejilaza humo, vilimshukia kuanzia kwenye kwapa hadi kwenye soksi. Mguu wake wa kulia ukakanyaga breki, na kwa vile breki haikuwepo, akakanyaga hewa. Alianguka kitandani kwa Mama, kwenye ule upande uliokuwa umebaki mkavu.

Hakukata tamaa. Aliipangusa trei, akaona ufa mrefu kama unywele, akaubandika gundi ya karatasi ya kufungia maboksi. Ilishika hadi saa ya chakula cha mchana. Baada ya hapo tukaweka sufuria kitandani, tukamhamishia Mama godoro sakafuni, na tone likaanza kazi yake: to, to, to. Mimi nikiwa sebuleni na cherehani nalisikia. Shemeji yako akawa anatafuna chakula kwa kufuata mapigo yake. Mama peke yake ndiye aliyelala mchana wake karibu na ile sufuria kama mtoto aliyeshiba. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana roho ngumu. Nilikuwa na hasira naye, kama unavyojua, kwa hiyo kila alichofanya nilikipa maana mbaya.

Ndipo nikamwita fundi bila kumwomba shemeji yako ruhusa. Alikuja mama mmoja mnene, mcheshi, wanayemwita Fundi Baridi, na ngazi yake begani. Hajaingia hata chumbani alishatuambia kwamba hakuna kiyoyozi kilichowahi kumshinda, isipokuwa kimoja, na hicho nacho mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mbovu. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafungua skrubu moja moja akizitia kwenye kifuniko cha chupa, akaitoa trei polepole huku shemeji yako akimshikia beseni na kumpa maelekezo ya kulia na kushoto. Alipoona ile gundi ya karatasi aliuliza ni nani aliyemfunga mgonjwa bendeji. Shemeji yako alikohoa tu.

Tuliisugua trei uani kwa maji ya moto na sabuni mpaka ikarudi rangi yake. Fundi akaukausha ufa, akaukwaruza kwa msasa ili gundi ipate pa kung'ang'ania, akachanganya gundi ya mirija miwili, akaipaka ndani na nje kwa ukarimu mkubwa. Huo ukarimu ulikuja kutugharimu, lakini subiri. Wakati gundi inakauka juani aliuvuta mpira wa kutolea maji kwa mdomo wa pampu, likatoka donge la ute, vumbi na mdudu mmoja ambaye hatukuafikiana jina lake. Kumbe mpira ulikuwa umeziba, maji yakakosa njia, yakatuama, na uzito wake ndio uliopasua plastiki. Akapima pia kiyoyozi chenyewe kwa pimamaji, akakuta kimelalia upande usio na mpira. Akakirekebisha ukutani mpaka kikainama kidogo upande unaotakiwa. Trei ikarudishwa, akamimina jagi la maji ndani yake, nami nikatumwa nje nikasimame chini ya mpira. Maji yalipotoka, membamba na safi, nilipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia dirishani.

Sasa sikiliza, Dada. Wakati huo Mama alikuwa amekwisha rudi chumbani, ametupa mgongo, anakunja mashuka yake juu ya kitanda, chini kabisa ya kiyoyozi. Sisi watatu tulikuwa mlangoni. Fundi akawasha. Ile gundi ya ukarimu ilikuwa imeacha kinundu kwenye ukingo wa trei, na feni ilipoanza kuzunguka ikakikwangua kile kinundu. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Chukua kijiko ukikwaruze kwenye sufuria tupu, kisha sauti hiyo uitie kwenye spika za harusini. Shemeji yako aliziba masikio. Fundi aliangusha bisibisi. Mimi meno yaliniuma.

Mama aliendelea kukunja mashuka. Akalilaza moja juu ya jingine, akalipiga-piga liwe bapa. Kisha akageuka, akatukuta tumetoa macho, akatabasamu.

"Huyu fundi anaijua kazi yake," akasema. "Sasa kimetulia kabisa."

Fundi alikimbilia swichi. Hakuna aliyecheka. Alipanda ngazi, akakisaga kile kinundu kwa msasa, akawasha tena, na safari hii kiyoyozi kikapumua taratibu kama mtu mwenye dhamiri safi. Alifunga vyombo vyake kimya kimya, jambo ambalo sidhani amewahi kulifanya, akatuaga akatuachia nyumba.

Niliingia, nikafunga mlango, nikaketi kitandani mbele ya Mama mpaka magoti yetu yakagusana. Cherehani ilikuwa imezimwa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya nyumba za watu wengine, kwamba kesho nitapika wali. Aliitikia kwa kichwa. Nikasema, kwa sauti ile ile na bila kuchezesha uso, kwamba kesho nitapika viatu. Akaitikia tena kwa kichwa, na kutabasamu.

Nikamshika mikono. "Mama," nikasema kwa nguvu, "tangu lini husikii?"

Aliyatazama mashuka yake. Aliniambia ilianza kidogo kidogo, sikio moja likaaga, na la pili likamfuata mwenzake. Katika nyumba ya watu wanaopayuka alijikuta anaweza kuishi hivyo hivyo, akisoma midomo na kubahatisha mengine. Aliogopa tukijua tutaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba ni kabati. "Nimewalea nikiwa na masikio," akasema. "Sikutaka mnilee mimi kwa kukosa masikio."

Hapo, Dada, nikavunja kiapo chako. Nihukumu ukitaka. Nilimuuliza, "Dada aliposema ana mimba, kwa nini ulimwambia vile?"

Nililazimika kurudia, na kurudia tena, na mara ya mwisho nikachora tumbo kubwa hewani kwa mikono yote miwili. Alikunja uso.

"Mimba?" akasema. "Yeye aliniambia ana mwiba."

Mwiba, Dada. Wewe uliyekuwa unatembea peku utoto wako wote, ambaye kila jioni Mama alikukalisha kizingitini na sindano. Kwenye simu midomo haionekani. Alisikia nusu ya neno na nusu nyingine akaijaza kwa kumbukumbu. Akakushauri kama mama yeyote angemshauri mwanawe: utoe mapema, usije ukakuletea shida. Na wewe uliyenisomesha sarufi kwa kunifinya masikio, ulisahau ngeli zako siku hiyo! Mimba ingekuwa "uitoe, isije ikakuletea." Nimeurudia ujumbe wako nikausoma. Upo, ulivyouandika mwenyewe, "usije ukakuletea." Mimi nami nimeusoma mara ngapi nikiwa na hasira nisiuone. Tukiwa na uchungu hatusikii vizuri kuliko Mama.

Ndiyo maana alikuwa ananiuliza mara kwa mara kama mguu wako umepona. Nilidhani anapotosha mazungumzo, nikawa namjibu kwa mkato. Alishangaa pia, anasema, ni mwiba gani huo wa kumfanya mtu mzima amkatie mamake simu.

Alipoelewa alichokuwa amekuambia, yaani ulichokisikia wewe, alilia. Sitakuficha. Alijifunika lile shuka alilolikunja vizuri, akalia kwa ndani, nami nikakaa naye. Halafu chini ya shuka nikasikia mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa anacheka. Alitoa uso umelowa, akasema, "Mwiba wa miezi tisa," akaanza upya, na mimi nikashindwa kujizuia, na shemeji yako akafungua mlango akatukuta tumekumbatiana tunalia na kucheka, akafikiri kiyoyozi kimeharibika tena.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yetu ameumbuliwa na trei ya plastiki, tushukuru. Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, akachunguzwa, akapewa vifaa vidogo vya kuvaa, na siku ya kwanza alikaa sebuleni akiwa amenyoosha kidole juu kama mwanafunzi, kila sauti anaitaja. Saa ya ukutani. Maji ya bomba. Ndege. Kisha nikawasha cherehani. Alisikiliza kidogo, akaniuliza kwa upole kama mashine hiyo nimeinunua au nimeiteka vitani. Shemeji yako ameambiwa apunguze sauti, hapa hakuna anayejifunza kuegesha gari. Nyumba imekuwa na adabu ngeni. Tunanong'ona kama wageni, na Mama anatukaripia kwamba sasa tumezidisha.

Nilitaka kukueleza haya kwa simu, lakini hupokei, na ujumbe mfupi ungeufuta ukiona jina lake. Karatasi haifutiki upesi. Mama ameketi hapa kando yangu, ananichungulia begani kuhakikisha nimeandika kila kitu. Amesema sasa niandike maneno yake mwenyewe nisiyapambe, basi haya hapa:

"Mwanangu wa kwanza, nisamehe kwa kuona aibu ya masikio kuliko kukuogopea wewe. Sikukusikia. Nipigie simu uniambie upya, tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu. Nina kigelegele chako, sijakipiga bado. Kama mguu nao unauma, uniambie vile vile."

Mimi sina la kuongeza juu ya hayo. Msalimie sana mumeo, na huyo wa tumboni umpapase kwa niaba ya mama yake mdogo. Simu tumeiweka mezani, imechajiwa, na Mama amekataza mtu yeyote kuigusa.

Wako anayekupenda,

Kitindamimba wenu