Nguzo Nyekundu ya Dada Shifaa

Mpendwa Bi Mwanamkisi,

Asalaam aleikum. Safu yako ya gazetini huwa naisoma kwenye simu, lakini kwanza ujue unaandikiwa na nani. Tangu Kiwayu mpaka Wiyoni hakuna nahodha wa boti kama mimi, papa wakisikia injini yangu hunipisha ndia, na wageni wakishuka huuliza jina langu kabla ya kuuliza jina la kisiwa. Shule nilisoma mpaka kidato cha pili, kisha ikashindwa na mimi. Kwa hivyo nikikwambia naomba msaada, lishike neno hilo vizuri, hutalisikia kwangu mara ya pili.

Shida yangu ni dada Shifaa. Ni mwalimu wa Jiografia huko mjini Lamu, mwaka wa kumi na moja huu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipotutoka, akanivumilia mimi pamoja na ulimi wangu. Ana stashahada ya ualimu, lakini vijana aliowafundisha kusoma ramani yeye mwenyewe wamerudi na shahada wakawekwa juu yake, mmoja ni Harith, sasa ndiye mkuu wa idara, na mpaka leo akimwona dada langoni humpokea mkoba kwa haya. Basi dada akaamua na yeye asome, kila shule ikifungwa wenzake wanapumzika yeye anapanda basi kwenda chuoni, mwaka wa nne sasa, na kimebaki kitu kimoja tu, utafiti wake, asimame mbele ya wahadhiri autetee, wamvike joho.

Utafiti wenyewe ni jinsi bahari inavyokula ufukwe wa kwetu Kiwayu, pale lilipokuwa jiko la mama. Jiko lilishamezwa, kimebaki kisima. Dada alikuja akasimamisha nguzo ya mkoko kando ya kisima, akaipaka rangi nyekundu kichwani, akanipa utepe wa kupimia na daftari, akasema, "Kila bamvua, maji yakijaa mpaka mwisho wake, pima kutoka nguzo hadi ukingo wa mchanga, uandike. Mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima. Utaweza?"

"Dada, unamuuliza samaki kama ataweza kuoga?"

"Samaki hasahau. Wewe husahau."

Wallahi Bi Mwanamkisi, sikusahau. Mvua, kusi, Ramadhani, hata siku ya harusi ya rafiki yangu Fawaz niliacha biriani nikaenda kupima, kisha nikamsomea dada kwa simu. Ninayo hata picha ya mwezi ule wa kwanza, nimeegemea nguzo, miwani usoni, kisima kando yangu, niliitia mtandaoni nikaandika "Profesa wa Bahari", ikapendwa na watu mia mbili, tena sitaji wasichana.

Namba zilikuwa zinashuka. Mita kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne, na dada kila nikimsomea alikuwa anavuta pumzi tu. Mwezi wa nane nikamsomea kumi na saba.

"Soma tena," akasema.

"Kumi na saba, dada."

"Soma tena, mwana wa mama."

"Kumi na saba na ushei."

Nikasikia analia, anasema alhamdulillahi, ufukwe wa mama unarudi. Tangu siku hiyo utafiti wote umegeuka, sura nzima ameandika juu ya mchanga unaorudi, msimamizi wake anasema hili ni jambo la ajabu, na kwenye ukurasa wa shukrani ameniandika mimi, "mdogo wangu, ambaye hakukosa bamvua hata moja." Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kuutetea, na anataka nisafiri niwepo, nikae mbele, ameshanishonea kanzu. Nimemwambia injini mbovu, nikamwambia jino, nikamwambia nina wageni. Juzi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Au unaona haya kukaa na watu waliosoma? Usione haya, mdogo wangu. Wewe ndiwe uliyepima."

Nipe kisingizio kimoja kizuri, cha mtu mzima, vyangu vimekwisha.

Haya basi, nitasema. Mwezi ule wa nane maji yalikauka, boti ikakwama topeni na wageni ndani, upondo wangu wa kusukumia ukavunjika, na Abdulghafur, mshindani wangu, kakaa kwenye boti yake anacheka, "Bingwa, leo utasukuma kwa ulimi?" Nikakimbia, nikang'oa nguzo ya dada, nikasukumia boti. Niliirudisha siku ya pili, shimo limeshafukiwa, nikaisimamisha kwa jicho tu. Ufukwe haukurudi, Bi Mwanamkisi. Iliyorudi nyuma ni nguzo, nami nilijua siku ileile nilipopima, nikamsomea.

Bingwa wa Kiwayu

*

Bingwa,

Kisingizio sikupi. Vitatu ulivyompa vimeshamuumiza zaidi ya nguzo, maana sasa anadhani kusoma kwake kumekutenga naye. Mtu aliyekulea anajilaumu kwa sababu wewe ulikataa kuchekwa na Abdulghafur nusu saa! Hilo ndilo linalonikera. Boti ilikwama, ukababaika, hayo humpata nahodha yeyote. Lakini ulisoma "kumi na saba" mara tatu, na mara ya tatu ukaongeza na ushei.

Najua ulivyonaswa. Ulimsikia analia kwa furaha, na mtoto aliyelelewa na dada hajui kuinyang'anya furaha ile. Nimekuelewa. Lakini Shifaa hafundishi hadithi, anafundisha nti ilivyo, ardhi na bahari yake. Akisimama na sura ile, mhadhiri mmoja tu akasafiri Kiwayu na utepe wake, miaka minne itazama mbele ya macho ya Harith. Huyo unayemhurumia ndiye utakayemwaibisha.

Sasa sikiliza. Ile picha yako ya miwani, itafute. Kwa mara ya kwanza majisifu yako yana kazi. Nguzo inaonekana kando ya kisima, na kisima hakihami. Nenda nayo pale leo, tia kijiti mahali nguzo ilipokuwa, pima kutoka hapo mpaka ilipo sasa. Umbali huo dada atautoa kwenye kila kipimo tangu mwezi wa nane. Vya nyuma ni vizima, na ni kweli hukukosa bamvua, hakuna wa kukunyang'anya hilo. Kisha yeye mwenyewe amwambie msimamizi wake kabla ya Jumamosi. Ile sura ya mchanga unaorudi itakwenda na maji, atalia, na safari hii utamsikiliza mpaka amalize. Akiambiwa asubiri miezi michache, asubiri. Mwalimu anayesema "hapa palikuwa na kosa, na hivi ndivyo tulivyolirekebisha" ameshafundisha somo lake.

Majina nimeyabadilisha, lakini Kiwayu kuna nguzo ngapi nyekundu kando ya kisima? Wewe unanisoma kwenye simu alfajiri. Gazeti la karatasi hufika Lamu adhuhuri, na walimu husoma magazeti hata yaliyofungiwa maandazi. Asubuhi hii ni yako. Mimi umeniandikia kurasa tatu, yeye anahitaji maneno manne tu: Dada, nguzo niliing'oa mimi.

Halafu Jumamosi uivae kanzu hiyo, ukae mbele, na akifika kwenye ukurasa wa kosa usitazame chini. Atakuwa anakutafuta kwa macho.

Bi Mwanamkisi