Kawadi Ni Mkia

Jumanne, jioni.

Na mbele za watu wote akaniita kawadi! Shemeji yangu Athumani, eti kwa sababu zamani alimpikia Mzungu kule Itigi. Andika hivyo hivyo, Neema mkwe wangu, usinipambie.

Mimi juzi nilisema tu naogopa kuhamia kijiji kipya, maana kule mbugani maji hakuna. Akadakia, "Shemeji, wewe kawadi!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sikujua hata nimetukanwa nini.

Leo ndiyo nimekuuliza wewe mwalimu. Kumbe ni Kiingereza, maana yake mwoga kupita kiasi. Na ukasema Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na huko asili yake ni mkia. Mkia! Basi Wazungu nao wamemwona mbwa akiufyata. Kama huyu wetu, akisikia fisi, mbio anaingia uvunguni, na ugali anavyokula... haya, tumwache.

Kuogopa naogopa, sifichi. Maji ya mbali nimebeba tangu usichana, shingo yangu inajua. Lakini mkia si wa kufyata tu. Mguse ng'ombe ndama wake uone, anauinua juu, na hapo wewe toka njiani.

Mkutano ni jioni hii. Nitasema kisima kichimbwe kwanza, ndipo tuhame. Nikitetemeka, nitasema huku natetemeka. Na shemeji nitamwambia...

"Mama Musa! Watu wameshakaa, umebaki wewe!"

Huyo balozi wetu wa nyumba kumi. Acha hapo, Neema, nipe khanga yangu. Nakuja, balozi!