Dirisha la Msimamizi

Lea, bibi Eliwaza kaniaibisha mbele ya mchungaji, na mimi ndiye niliyemwomba atoe ushuhuda.

Enzi za Mwingereza alikuwa anafagia karakana moja Same. Msimamizi mzungu, kutwa yuko kwenye dirisha la ofisi yake anachungulia bafu la wanawake.

Sasa kulikuwa na dawa ya floridi ya kupaka vyuma. Mzungu mwenyewe aliwafundisha: vaeni glavu, inachoma ngozi, msiiweke kwenye chupa maana inakula kioo.

Inakula kioo, Lea.

Bibi akapaka dirisha lote. Kesho yake kioo cheupe kama kimemwagiwa uji.

Mzungu akafoka: "Onyesheni mikono. Aliyefanya hivi lazima kaungua."

Bibi akanyoosha mikono mizima kabisa.

Leo kainyoosha tena kanisani: "Glavu nilivaa, mchungaji. Nilifundishwa vizuri."