Soketi ya Chumbani

Mpenzi Mama Njeri,

Pokea salamu zangu kutoka Doha, ambako jua linatuchoma vichwa tangu asubuhi na mimi nawaza baridi ya Naro Moru. Mko wazima? Kikohozi cha Njeri kimepungua? Mama yangu je, mguu unamruhusu kwenda kanisani? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Humu chumbani tumejaa wanaume na kila mmoja anasikia simu ya mwenzake, halafu unanijua, nikishapandisha sauti simsikii mtu tena. Barua hii anakuja nayo Kimani, anayesafiri leo kwenda likizo kwao Nanyuki. Nimemwomba apitie kwako kwanza.

Ni habari ya Muriuki.

Uliponiambia stima imekurusha kwenye soketi ya jikoni, nilimshukuru Mungu uko salama, na ni mimi mwenyewe niliyesema utafute fundi. Sikusema Muriuki. Naro Moru ina mafundi wengi, nawe ukamwona huyo huyo niliyesoma naye umeme kule Nyeri, yule aliyekuwa akikuletea ndizi kabla sijakuoa. Haya. Kukagua soketi za jikoni na sebuleni si kazi ya kutwa. Unazima swichi kubwa, unapima uhakikishe hakuna moto wa stima, unafungua, unaangalia kama kuna waya uliolegea au kuungua, unakaza, unafunga. Ukianza asubuhi, saa ya chai uko njiani kurudi. Yeye alikula chakula cha mchana kwetu. Mama ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha, "Huyo kijana anapenda mukimo sana, nilimwongezea." Na baada ya siku mbili akarudi, ati kuona kama kazi imekaa vizuri. Mimi tangu nianze ufundi sijawahi kurudi kwa mteja kujulia soketi hali.

Halafu ile picha ya soketi uliyonitumia. Niliponyamaza ukadhani ni netiwaki. Nilikuwa naangalia skrubu. Kwenye kila soketi, mifereji ya skrubu, ile ya kuingizia bisibisi, imesimama wima, sawasawa. Skrubu ikishakaza imekaza, mfereji wake uelekee popote, na fundi mwenye haraka hajali. Ukiona zimepangwa hivyo, jua kuna mtu ambaye fundi alitaka amsifu. Najua kwa sababu nilizipanga hivyo hivyo nyumbani kwa baba yako, Kianyaga, nilipokuwa nakutaka wewe. Basi nina wivu, Mama Njeri. Nimesema.

Na Jumapili ukanipigia. "Baba Njeri, ile ya bedroom ndio iko na shida kubwa. Nikiweka hita, plagi inashika moto mpaka inanuka. Muriuki anasema lazima aifungue aone ndani. Lakini nimemwambia huko hakuna mtu anaingia mpaka wewe useme."

Nikakwambia msiitumie kabisa, nitafikiria. Nikakata simu. Najua kwetu mwanamume wa nje haingii chumba cha wenye nyumba, na wengine wangemwingiza bila kuuliza. Umeniheshimu, asante. Ila tangu siku hiyo mnalala bila hita kwenye baridi hiyo, mtoto anakohoa, mkingoja mimi nimalize kufikiria.

Jana kazini walinituma nyumba fulani kukagua soketi. Mke alienda kukaa sebuleni na watoto, na mume akasimama kwenye mlango wa chumba chao, mikono amekunja kifuani, mpaka nilipomaliza. Nilikasirika. Mimi nimepiga magoti sakafuni, jasho linanitoka, natafuta waya uliolegea, wala sikumbuki kitanda chao kilikuwa na shuka la rangi gani, naye ananilinda kama mwizi. Jioni nikamfikiria tena yule mume, na hasira ikaniisha. Nilimwonea wivu hata yeye. Yeye yuko kwake, anao mlango wa kusimama.

Nikachukua karatasi nikaanza kukuandikia jinsi ya kuifungua soketi hiyo mwenyewe. Zima swichi kubwa, pima na testa, hakikisha kwanza testa yenyewe ni nzima, legeza skrubu polepole, usivute waya. Nikafika hapo nikasoma niliyoandika. Kumbe nakufundisha wewe, uliyerushwa na stima juzi tu, ushike waya kwa mikono yako, ili mwanamume mwingine asione kitanda chetu. Nimeichana karatasi hiyo.

Mwite Muriuki. Aingie, aifungue, akibadilisha waya abadilishe, akitaka kusogeza kitanda asogeze. Mwambie asiikaze tu juu juu, aangalie waya ulivyoungua mpaka ndani ya ukuta. Najua ataifanya vizuri, na hilo nalo linaniuma. Kama ni chakula mpe, hiyo ndiyo desturi yetu kwa fundi. Mimi nitakaa huku nikinuna, na kununa hakujawahi kumuua mtu.

Msalimie mama, umwambie dawa za mguu Kimani anakuja nazo. Msalimie dada yangu Wairimu wa Mwea, na baba yako kule Kianyaga, umwambie sijamsahau. Njeri mwambie baba anampenda. Muriuki usimsalimie. Nikirudi nitamsalimia mwenyewe, nikiwa nimesimama kwangu, na nitamshukuru kwa mdomo wangu ingawa sitapenda.

Akishamaliza kazi, usiku huo huo mlale kwenye joto.

Ni mimi mume wako,
Baba Njeri