Mtani Hanyimwi Hata Mkojo

Mtani wangu Mrisho,

Huku mlimani hakuna mzee mwenye figo safi kunishinda mimi. Wala sijisifu, ni karatasi zinasema. Watu wa utafiti walinipima wakaandika safi, wakanipima tena wakaandika safi, mara mbili asubuhi moja, na kuanzia Kinole mpaka Matombo sijasikia mzee mwingine aliyepata heshima hiyo.

Haya, nimedanganya, na wewe ndiye unayejua uongo ulipo. Nilipimwa mara moja tu. Karatasi ya pili ina jina lako.

Ndiyo sababu nakuandikia. Ningepiga simu, lakini wewe ukisikia naanza jambo la maana unasema mtandao haushiki, halafu unakata mwenyewe. Barua haikatiki. Nimempa mke wa fundi cherehani, anakwenda kwao Tabora kwa treni, na bahasha sikuigundisha. Atakayetaka kuisoma njiani asome. Na kama humo behewani yumo mzee aliyewahi kukata miwa, huyo namwomba asome mara mbili.

Unaikumbuka asubuhi ile? Manyunyu ya siku tatu, njia ya zahanati inateleza kama bamia, nawe umevaa koti langu. Nasema langu, ingawa mwenyewe nilikupa. Siku tunamzika kaka yangu uliruka ukaingia kaburini, ukajilaza chali, ukasema Mluguru haingii humu mpaka Mnyamwezi apewe chake. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nikavua koti nikakutupia, ukatoka, tukamzika kaka. Ndivyo tulivyokuta mambo. Mtani akidai, unatoa. Akichukua, hununi. Dada yangu Mwanahawa, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kosa lake ni kuolewa na wewe, mtani wa kaka yake, maana nyumbani mwake hakuna aliyewahi kumaliza chakula bila ukoo wake kusimangwa.

Yule nesi mdogo alituamkia vizuri, "Shikamooni babu zangu," akatukalisha kwenye benchi, akatueleza. Walikuwa wanapima watu wa mlimani kwenye baridi na watu waliofanya kazi nzito mabondeni kwenye joto, wafananishe figo zao. Alisema kuna watu figo zinawachoka mapema, hawana kisukari wala presha, na wengi wao wametumika juani miaka mingi. Wanataka kujua kwa nini. Akasema hakuna kulazimishwa, asiyetaka aseme.

Wewe ukajibu kabla yangu. "Tukikataa sisi mtapima nani huku, nyani? Maana mtani wangu huyu mtakuwa mmempima mara ya pili."

"Mpime na mgongo wake, nesi," nikamwambia. "Hawa babu zao walikuwa wapagazi. Akikaa bila mzigo anaumwa."

"Angalau sisi tulikwenda mahali. Hawa wanalala wamekumbatia migomba wasiporomoke."

Nesi alicheka mpaka akakosea kuandika tarehe. Akatupa vikombe, kila kimoja na namba yake, akatuonyesha choo cha nyuma.

Uliingia wa kwanza. Nilikusikia ukikohoa, ukimwaga maji ya kopo kuuhamasisha mwili, ukikohoa tena. Ulipotoka, kikombe kilikuwa na vidole viwili tu, na juu yake povu, kama mtu ametikisa sabuni humo ndani. Tuliliangalia wote wawili. Kisha ukaumwagia mgomba.

"Mtani," ukasema, "nikopeshe."

"Nikukopeshe nini?"

"Hicho unachokwenda kukimwaga bure."

"Watajua."

"Watajuaje? Mkojo hauna kabila."

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ulisema taratibu, unaangalia mgomba, "Miwa haikunishinda miaka thelathini. Inishinde leo, ndani ya kikombe, mbele ya binti mdogo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nimelifikiria sana hili, maana kazi yangu siku hizi ni kutazama ndizi zikikomaa, na ndizi hazina haraka. Nilikujua miaka yote hiyo, ukanidai kuku, ukanidai koti, ukanidai dada, na mara zote ulikuwa unacheka. Siku hiyo ulidai bila kucheka, nami nikatoa vilevile, kwa mazoea. Na nisijifanye mtakatifu. Nilifurahi kidogo kuwa ninao wa kutosha. Nilijaza viwili, na cha tatu kingejaa.

Karatasi zilipokuja, nesi akatusomea, mimi safi, wewe safi. Tukitoka nje ukanishika mkono ukaniapisha kwa jina la Mwanahawa kwamba sitamwambia Zuhura. Nikaapa. Binti yenu angekuhamishia Tabora siku ileile, nawe hukutaka kuliacha kaburi la mama yake. Hilo nililielewa, hata sikukutania.

Ila ona kilichofuata. Wiki ya kwanza ulikuwa unawaonyesha watu karatasi kule dukani, kisha unanikonyeza. Wiki ya pili uliionyesha bila kunikonyeza. Ya tatu nilikukonyeza mimi, ukaniuliza jicho lina nini. Ukaitia kwenye mfuko wa nailoni wa sukari, ukawa unaikunjua kama mtu anakunjua hati ya shamba. Nimewahi kuwaona watu wakidanganya wake zao, wakidanganya polisi, wakidanganya mashehe. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akijidanganya mwenyewe kwa mkojo wa mwenzake na akafaulu.

Mwishowe Tabora ulikwenda tu, maana upweke ulikushinda, na karatasi ukaibeba. Wiki iliyopita Zuhura akanipigia.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Huyo mpagazi wangu mzima?"

"Miguu imemvimba, mjomba. Nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Asubuhi na uso nao. Nikimwambia twende hospitali ananitolea karatasi ya huko Morogoro, anasema wataalamu wameshamaliza kazi." Kisha akauliza, "Wewe ulikuwepo. Kweli alipimwa?"

"Tulikwenda pamoja."

"Akatoka safi?"

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema safi."

"Basi inasema safi."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto wa dada yangu. Kwetu, unajua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa la mwisho. Zuhura aliuliza la mwisho, nikamrudishia la kwanza. Nilibaki na simu mkononi mpaka ikazima yenyewe.

Kesho yake niliteremka zahanati. Nesi alikuwa anapima watoto uzito, wananing'inia kwenye mzani kama mikungu. Nikangoja wakaisha.

"Nesi," nikamwambia, "unavikumbuka vile vikombe viwili, vya Mluguru na Mnyamwezi?"

"Navikumbuka, babu. Mlinichekesha siku nzima."

"Vyote vilikuwa vyangu."

Akaweka kalamu chini. "Vyote?"

"Vyote. Na cha tatu kingejaa."

"Hapa hunichekeshi, babu."

Nilitazama ukuta. Kuna picha ya mtu aliyepasuliwa ubavu, figo mbili zimekaa humo ndani kama maharage. Vitu vidogo hivyo.

"Unajua tulikuja kumtafuta nani?" akaniuliza. "Tulikuja kumtafuta mtu kama Mzee Mrisho. Tukampata, amekaa kwenye benchi letu. Mkatupa mkojo wa mkulima wa ndizi."

"Kwa hiyo kwenye madaftari yenu jua halina kosa."

"Kwa mtu mmoja, halina. Sasa nianze kujiuliza wangapi wengine walikwenda chooni na mtani."

Akampigia mkubwa wake mbele yangu, akaeleza bila kunisema vibaya, hilo nilimshukuru. Namba zetu zote mbili zimewekwa kando. Na mimi nimefutwa, mtani. Figo zangu safi zimekwenda na zako, na sasa siwezi kujisifu popote.

Kisha akaniuliza habari zako moja moja. Nikamwambia povu. Nikamwambia miguu. Akauliza, kuna dawa anayokunywa? Nikamwambia vile vidonge vya mgongo unavyovinunua dukani na kuvitafuna kama karanga, asubuhi viwili, jioni viwili, tangu enzi za kukata miwa kule Turiani. Hapo alifumba macho. Alisema vidonge vya maumivu vya namna ile, ukivila kila siku miaka na miaka, navyo vinaweza kuziumiza figo. Akasema hawezi kuniambia ni figo, miguu huvimba kwa mambo mengi, hata moyo unaweza, ndiyo maana mtu anapimwa badala ya kukisiwa na shemeji yake. Usivimeze tena kabla daktari hajakuona, amesema. Na figo zikigunduliwa mapema, kuna mengi ya kufanya. Nilimwuliza na zikichelewa? Akaanza kupanga kadi za watoto.

Nikipanda mlima kurudi nilikuwa nakukumbuka ulivyokuwa ukirudi msimu wa kukata miwa ukiisha. Unafika mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, Mwanahawa anakukataza kukaa kitandani mpaka uoge mara mbili. Unatuhadithia huku unakula. Ulikuwa unasema maji ya kunywa unayaacha mwisho wa mstari, ukifika mwisho wa mstari unaona haya kunywa kabla ya wenzako, unaanza mstari mwingine. Ulisema jioni unakojoa rangi ya chai isiyo na maziwa, na sisi tunacheka, nami nakuuliza kama ilikuwa na tangawizi. Mwanahawa peke yake hakucheka. Alikuwa anakuongezea maji kwenye kikombe bila kusema kitu. Sasa naona kuwa kati yetu watatu, aliyekuwa na akili ni yule aliyekuwa kimya, na ndiye tuliyemzika kwanza.

Sikulaumu. Ningekuwa mimi ndiye niliyekata miwa mpaka mikono ikawa magome, halafu binti wa umri wa mjukuu anipe kikombe aone kilichobaki ndani yangu, labda ningekopa pia. Ila mimi bado nakuhitaji. Tangu uondoke sijatukanwa ipasavyo. Hawa vijana wananiheshimu, shikamoo hapa shikamoo pale, hakuna anayeniambia naishi na nyani. Mzee asiyetaniwa anaanza kunyooka kama maiti. Na siku yangu ikifika, nani ataruka kaburini alale chali awacheleweshe wazikaji? Hiyo kazi ni yako. Ukitangulia wewe, nitazikwa kwa haraka kama mgeni.

Kuhusu kiapo, usihamaki. Sijamwambia Zuhura neno hata moja. Niliapa kwa jina la dada yangu na nimekitunza. Nimekuambia wewe, kwenye barua yako. Kwamba macho yako yana ukungu tangu mwaka juzi, na kwamba hapo nyumbani anayekusomea barua ni Zuhura, kwa sauti, kwa sababu sikio la kushoto nalo limestaafu, hayo ni mambo ya Mungu, si yangu. Kama sasa hivi amenyamaza katikati ya kusoma, mwache apumue. Kama analia, mpe mkono. Umwambie mjomba wake anaomba radhi kwa jibu la kwenye simu. Karatasi ile mpe aichane, na vidonge uvitoe chini ya mto, najua viko hapo.

Nami nimebakisha jambo moja dogo. Nilikukopesha kikombe kimoja, nawe hujakirudisha. Usinirudishie mimi, huku sina pa kukiweka. Kipeleke hospitali iliyo karibu na hapo, ukakijaze mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima, hata kikijaa povu tupu. Zuhura akusubiri nje ya mlango, asimruhusu mwanamume yeyote kuingia na wewe. Wakimaliza na kikombe uwape na mkono watoe damu. Mtani wako anadai, Mrisho. Nenda kesho.

Shemeji yako, mla ndizi,
ambaye bado anaona baridi kwa ajili ya koti lile.