Hendibreki Yangu na Mteremko wa Getini

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu wote, mabosi watatu, na daktari aliyenikataza chumvi. Leo gari langu nalo limetaka kunizika mimi. Niliegesha kwenye mteremko wa getini, nikavuta hendibreki, nikashuka kufungua geti. Paa! Kitu kimekatika chini. Gari likarudi nyuma lenyewe mpaka ukuta wa jirani yangu kinyozi. Ukuta mzima. Taa ya nyuma ndiyo imekwenda.
Binti yangu mkubwa kaja jioni, kanuna. Kauliza, je, mtu angekuwa nyuma? Jumamosi analeta mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikasema nalitengeneza mwenyewe. Tumepatana: likisimama kwenye mteremko ule saa nzima, hakuna mtu ndani, linabaki. Likisogea hata kidole, linakwenda kukatwa.
Gari lina miaka thelathini na mbili. Linanipeleka nitakako bila kumwomba mtu. Likiondoka, mimi ni mzigo wa kubebwa. Hapana!

Jumanne, 5 Machi
Nimelala chini ya gari asubuhi yote. Waya wa hendibreki umeliwa na kutu, umekatika. Nimepata mwingine kwa muuza spea kuukuu. Kinyozi kanichungulia, kauliza nikikwama humo aniletee chakula huko huko? Nikamwambia yeye akikosea nywele zinaota tena, chuma hakioti. Kaenda zake.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua dramu za breki za magurudumu ya nyuma. Mbili kwa mpigo. Kila fundi anajua — fungua upande mmoja, wa pili uache uwe wa kutazamia. Najua. Sikufanya. Sasa springi zimetapakaa chini, ipi ya wapi sijui. Nimefunga, nimefungua, mara nne. Kushoto inashika. Kulia gurudumu linazunguka kama pia.


Alhamisi, 7 Machi
Naandika kwa sababu humu hasomi mtu. Mke wangu mshonaji alitoka na futi yake shingoni. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akauliza mbona vyuma vya pande zote nimevielekeza upande mmoja. Nikamjibu breki si gauni.
“Mikono ya shati hutazamana, baba watoto,” akasema. “Ukishona miwili ya kushoto, shati halivaliki.”
Akarudi ndani. Nikangoja mpaka niisikie cherehani inalia. Ndipo nikavigeuza vya kulia. Gurudumu likashika tii! Ufundi ni wangu huo. Yeye katoa macho tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekaza nati ya waya. Nikaongeza mizunguko miwili, kwa ajili ya binti yangu. Mke wangu kasema inatosha. Nikaongeza mmoja.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika kwenye kigoda, hapa hapa getini.  
Mnunuzi kaja mapema, kaingiza lori uani apate nafasi ya kupakia. Kajiamini! Nikalipandisha gari langu mpaka katikati ya geti, pale pale penye mteremko. Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, mpaka jino la mwisho. Nikashuka, nikafunga mlango, nikakunja mikono.
Halikusogea. Robo saa, liko pale pale. Nusu saa, mnunuzi akaomba asukume kidogo. Nikamruhusu. Akasukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kinyozi akaongeza bega. Wapi! Gari kama limeota mizizi. Mke wangu alikuwa dirishani, anacheka na sindano mdomoni.
Saa ilipotimia binti yangu akaitazama saa yake, akaitazama tena.
“Haya, Baba, umeshinda,” akasema. “Liingize ndani.”
Umeshinda! Kasema mbele ya watu.
Nikaingia kuachia breki. Kitufe hakibonyezeki. Mkono wa breki haushuki. Nimevuta, nimepiga kwa kisigino, nimesema nalo kwa upole. Limeshika. Kinyozi kaniuliza kama huu nao ni ufundi. Nikamwambia breki kazi yake ni kushika. Mke wangu anahesabu ile mizunguko yangu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu, ili nione.
Jua limepanda. Sina haraka. Na asiyeamini kwamba breki yangu inashika, amuulize mnunuzi wa vyuma chakavu. Yumo humu uani na lori lake, haendi popote.